Picha yako ikishaingia mtandaoni, umebaki na nini mkononi? Wapiga picha tuongee hakimiliki

Fremu_Tupu (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kilio cha wapiga picha ni kile kile miaka nenda rudi. Mtu kaposti picha, siku mbili tatu mbele anaikuta kwenye tangazo la kampuni asiyoijua, jina lake halionekani popote. Na ushauri anaopewa nao ni ule ule: bandika nembo kubwa, posti picha ndogo, au acha kuposti kabisa. Mimi naona hapo tunapigana na kivuli. Picha ikishafika kwenye skrini ya mtu imeshafika. Akitaka kuichukua ataichukua, hata kwa picha ya skrini. La kujiuliza ni jingine: siku ikichukuliwa, una nini cha kumwonyesha aliyeichukua, na cha kumwonyesha yule wa tatu atakayewaamua?

Tuanze na haki yenyewe, maana wengi wanadhani ni kitu cha kwenda kuomba mahali. Mkataba wa Berne wa 1886 ndio mama wa sheria hizi, na tangu ulipofanyiwa marekebisho Berlin mwaka 1908 unasema haki ya mtunzi haitegemei kujaza fomu wala kuweka alama yoyote. Umebonyeza kitufe cha kamera, picha ina mkono wako ndani yake (pembe uliyochagua, mwanga, wakati uliosubiri), basi hakimiliki ni yako hapo hapo. Ile herufi C ndani ya duara inasaidia kuonya watu, ila si sharti. Nchi karibu zote duniani zimo kwenye mkataba huo. Marekani ndiyo iliyochelewa, ikaingia 1989, na ndiyo sababu picha za zamani za kule zina mambo yake ya alama na usajili.

Kuna watu bado wanasema eti picha imepigwa na mashine, mtunzi yuko wapi? Hoja hiyo ilishazikwa 1884. Napoleon Sarony alimpiga picha Oscar Wilde, mchapishaji mmoja akatoa nakala 85,000 bila kumuuliza, na mahakamani akajitetea kwa maneno hayo hayo. Mahakama ya Juu ya Marekani ikamwambia: aliyemketisha Wilde vile, akampangia mavazi na mapazia, akaamua mwanga uangukie wapi, ni Sarony.

Kesi ninayotaka kila mpiga picha aijue ni ya Daniel Morel. Januari 2010, tetemeko la Haiti. Morel alikuwa Port-au-Prince, akapiga picha, na siku ile ile akazipakia TwitPic (tovuti ya kuwekea picha za kuonyesha Twitter) na kuzitangaza Twitter. Mtu aliyekuwa Jamhuri ya Dominika akazinakili na kuziposti kama zake. Shirika la habari la AFP likazichukua, Getty, wakala wa picha, nao wakazisambaza, na picha zikaanza kuzunguka dunia kwa jina la yule aliyenakili. Morel alipolalamika, AFP ndio waliotangulia kwenda mahakamani New York, wakitaka itamkwe kwamba hawajamkosea! Hoja yao kubwa: masharti ya Twitter yanaruhusu watu kutumia kilichopostiwa. Januari 2013 jaji akasema hapana, masharti hayo hayawapi ruhusa hiyo. Novemba mwaka huo huo jopo la raia likaamua alipwe zaidi kidogo ya dola milioni 1.2.

Kwa hiyo mtu akikwambia "si umeiweka hadharani mwenyewe", mwambie akasome kesi ya Morel. Kuposti ni kuonyesha, si kugawa.

Sasa mimi ninavyofanya. Faili la RAW, yaani lile ghafi linalotoka kwenye kamera, halitoki kwangu, hata mteja agaegae chini. Pili, sifuti fremu za jirani. Picha moja nzuri huwa ina ndugu zake: zilizotangulia mtu akiwa bado anageuka, zilizofuata macho yakiwa yamefumba. Hizo mbovu ndizo cheti changu cha kuzaliwa cha ile nzuri. Tatu, kabla ya kuposti nakata ukingo kidogo kila upande, asilimia chache tu, mtazamaji hatajua. Ninayo picha moja ya mzee anashona wavu. Iliyoko mtandaoni inaishia kwenye kifundo cha mkono wake wa kushoto. Iliyoko kwangu inaonyesha mkono mpaka kwenye kiwiko, na kiraka cha shati. Kuna ukurasa wa biashara uliitumia, mwenyewe akadai kaipiga yeye. Nikamuuliza swali moja tu: kiraka cha shati kina rangi gani? Hajajibu mpaka leo, ila picha aliishusha.

Karibuni tujadili.

Jicho_Kali

Mkuu umeandika vizuri, lakini kesi za New York zinamsaidiaje mtu ambaye hata nauli ya kwenda kwa wakili hana? Mimi nabandika nembo katikati ya picha, kubwa, mtu akitaka kuiba aibe na jina langu. Mchezo umeisha.

Na hilo la ukingo, siku hizi akili mnemba inaongeza ukingo wa picha kwa sekunde tano. Mwizi naye atakuja na mkono wake.

Lulu_wa_Mwanga

Nakaa hapa pembeni nijifunze. Nimeanza kupiga picha za sherehe karibuni na sijui hata pa kuanzia.

Fremu_Tupu (mleta uzi)

@Jicho_Kali, ataongeza mkono, ndiyo, ila hautakuwa mkono ule. Na fremu ya sekunde moja kabla hana, ya sekunde moja baada hana. Kutunga picha moja ni rahisi. Kutunga mfululizo mzima unaokubaliana vivuli, saa na namba za faili ni kazi ya kumchosha mwongo.

Kuhusu nembo katikati. Mwaka 2017 watafiti wa Google walionyesha kitu ambacho wengi hawakukitegemea. Ukibandika nembo ile ile, kwa ukubwa ule ule na uwazi ule ule, kwenye mamia ya picha zako, kompyuta inazilinganisha zote, inaona kitu gani kinajirudia, inakichora kilivyo, kisha inakiondoa kwenye kila picha na kuacha kilichokuwa chini yake. Yaani ule utaratibu wako wa kubandika kwa mpangilio mmoja ndio unaompa mwizi ufunguo. Wakasema kinachosumbua programu hiyo ni nembo inayopindapinda kidogo kwa namna tofauti kwenye kila picha. Huo ni utafiti wa zamani. Leo simu ya kawaida inafuta maandishi juu ya picha kwa kidole.

Halafu nembo kubwa inaua picha yenyewe. Mteja anayetafuta mpiga picha anaangalia kazi yako, anakuta jina lako limelala juu ya uso wa bibi harusi. Ataondoka zake.

Sisemi usiweke jina. Weka dogo, pembeni, mahali ambapo kulikata kutaharibu picha. Faida yake ni ya kisheria kuliko ya ulinzi: mwizi hawezi tena kusema "sikujua ni ya nani". Na akilifuta, hilo ni kosa lingine kabisa juu ya lile la kwanza. Mkataba wa WIPO (shirika la Umoja wa Mataifa la haki miliki) wa 1996 unazitaka nchi wanachama zizuie kuondoa taarifa za umiliki kwenye kazi, na sheria ya Marekani ya 1998 ya hakimiliki za kidijitali, ile DMCA, inaweka fidia ya kati ya dola 2,500 na 25,000 kwa kila tendo la namna hiyo. Kuna mahali kufuta jina kumemgharimu mtu kuliko kutumia picha.

Chumba_cha_Giza

Naongezea kwenye hapo pa jina, maana watu wanalifikiria lile la juu ya picha tu na kusahau lililo ndani ya faili.

Kila picha ya JPEG inabeba maandishi ambayo hayaonekani. Kuna kundi la EXIF ambalo kamera inajaza yenyewe: saa, lenzi, kasi, wakati mwingine mpaka mahali uliposimama. Na kuna kundi la IPTC, hilo unajaza wewe. Yaliyo muhimu kwako ni manne: jina la mpigaji, tamko la hakimiliki, mstari wa namna unavyotaka kutajwa, na anwani ya ukurasa wako unaoeleza masharti ya matumizi. Kamera nyingi zina sehemu kwenye menyu ya kuandika jina na hakimiliki. Ukiandika leo, kila picha itakayotoka kuanzia leo itazaliwa na jina. Dakika tatu tu hizo. Nashangaa nikishika kamera ya mtu, ya bei mbaya, nikakuta sehemu hiyo tupu.

Kwenye programu ya kuhariria angalia pale pa kutolea faili. Huwa kuna chaguo la kuondoa metadata (ndiyo hayo maandishi ya ndani) ili faili liwe jepesi. Watu wameliweka tiki zamani wakasahau. Wewe acha hakimiliki na mawasiliano ya kazi, ondoa mahali tu. Taarifa za mahali ziondoe kabisa kama ni picha ya nyumba ya mtu au ya mtoto.

Kwa nini ujisumbue? Tangu 2018 Google kwenye utafutaji wa picha wanaonyesha jina la mpigaji na mstari wa kutajwa kama vimo ndani ya faili. Na tangu 2020, ile sehemu ya nne niliyoitaja ikijazwa, picha inapata alama ya kuonyesha kwamba ina leseni na mtu anaweza kubofya akafika kwako. Kuna watu si wezi jamani, wanataka kulipa ila hawajui wamlipe nani.

Onyo: mitandao mingi ya kijamii na programu za kutumiana ujumbe hubana picha na kufuta karibu kila kitu cha ndani. Usiamini maneno ya mtu, wala yangu. Pakia picha yako moja, ingia kwa akaunti nyingine, ipakue, fungua maelezo ya faili uone kilichobaki. Kwa mteja tuma kama faili, usitume kama picha.

Bin_Kamera

@Chumba_cha_Giza kaka, nimekimbilia kwenye menyu ya kamera yangu. Nimekuta jina la mtu aliyeniuzia 😂😂 Picha zangu zote zina jina lake!

Chumba_cha_Giza

@Bin_Kamera hiyo ni kali. Badilisha sasa hivi, na zile za nyuma zipitishe kwenye programu ubadilishe kwa mkupuo. Siku mkigombana yeye ndiye mwenye ushahidi.

Mchapaji_Huru

Wakuu mimi niko upande wa pili, naendesha blogu. Niseme ukweli, picha nachukua Google, ila kila mara naandika chini jina la mwenye picha. Si nimemtangaza? Wengine wanashukuru kabisa. Na kama ni kazi ya kuelimisha, si ya kuuza, tatizo liko wapi? Naona mnataka kuifunga intaneti.

Kivuli_Kirefu

@Mchapaji_Huru ndugu yangu, kesi yako ilishaamuliwa, tena aliyeitumia picha alikuwa na sura ya huruma kuliko wewe.

Mwanafunzi mmoja Ujerumani alikuwa anaandaa kazi ya darasani. Akakuta picha nzuri ya mji wa Córdoba kwenye tovuti ya utalii, iko wazi, haina kufuli. Akaibandika kwenye kazi yake, tena akaandika ameitoa tovuti gani. Kazi ikawekwa kwenye tovuti ya shule. Mpiga picha, Dirk Renckhoff, alikuwa ametoa ruhusa kwa ile tovuti ya utalii peke yake. Akadai. Jambo likapanda mpaka Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, na tarehe 7 Agosti 2018 ikasema: kuipakua picha na kuiweka upya kwenye tovuti nyingine ni kuipeleka kwa hadhira mpya, na hilo linahitaji ruhusa mpya ya mwenye nayo. Haijalishi kwamba kule kwa kwanza ilikuwa wazi kwa kila mtu.

Sababu waliyotoa inaingia akilini. Mwenye picha akiamua kuiondoa kule alikoiweka, nakala yako wewe inabaki hai. Umemnyang'anya usukani. Ndiyo tofauti ya kunakili na kuweka kiungo: ukiweka kiungo, yeye akiishusha na kwako inapotea. Hata hivyo kwenye kuonyesha picha ya mtu moja kwa moja ndani ya ukurasa wako kupitia msimbo wa Instagram, mahakama za Marekani zenyewe hazijaimba wimbo mmoja, kwa hiyo usijione umepata kichaka cha kujificha.

Kumtaja mtu ni adabu, na mara nyingi ni haki yake pia. Ruhusa ni kitu kingine. Ukiliazima gari la mtu bila kumuuliza, kubandika jina lake kwenye kioo hakukuondolei kesi.

Mchapaji_Huru

Dah, nimekusoma. Sasa sisi wenye blogu tusio na hela tufanyeje, tuandike bila picha?

Kivuli_Kirefu

Uliza. Nusu ya wapiga picha ukiwaandikia barua pepe yenye mistari mitatu (wewe ni nani, unaitaka kwa makala gani, itakaa wapi) watakubali bure au kwa kidogo. La pili, tafuta zenye leseni za Creative Commons, ambazo mwenye picha anaruhusu mapema watu waitumie kwa masharti yake. Zipo tangu 2002 na ziko za aina kadhaa: BY inataka kutajwa tu, NC inakataza biashara, ND inakataza kuibadilisha, SA inataka ulichotengeneza nacho kiwe chini ya leseni ile ile. Soma herufi zote usiishie ya kwanza.

Fremu_Tupu (mleta uzi)

Hapo kwenye Creative Commons nitie neno kwa wapiga picha wenzangu. Leseni hizo hazirudishwi. Ukiitoa picha leo chini ya BY, kesho ukabadili mawazo, unaweza kuacha kuitoa upya, lakini aliyeipata jana kwa masharti hayo anaendelea nayo. Kwenye toleo la 4.0 la 2013 hata aliyekiuka sharti, mfano kasahau kukutaja, akirekebisha ndani ya siku 30 tangu agundue, haki yake inarudi. Ni leseni nzuri, nimezitumia, ila ziingie ukijua mlango wa kutokea haupo.

Na kutoa kabisa, yaani kuziweka picha kwenye mali ya umma, kuna vituko vyake. Carol Highsmith wa Marekani alizitoa picha zake kwa Maktaba ya Bunge la nchi hiyo watu wazitumie bure. Halafu akaletewa barua kutoka kwa kampuni inayodai kwa niaba ya wakala wa picha, akitakiwa alipe dola 120 kwa kutumia picha kwenye tovuti ya taasisi yake. Picha aliyoipiga yeye! Alifungua kesi 2016, na sehemu kubwa ikatupwa. Mali ya umma ni ya umma, hata anayeiuza hazuiliwi na hakimiliki ambayo haipo tena.

Lulu_wa_Mwanga

Samahani kaka Fremu na wengine, naomba kuuliza. Mteja wangu amenilipa nimpige picha za sherehe yake. Nikaziposti tatu kwenye ukurasa wangu. Ameniwakia kwamba picha ni zake kwa sababu amelipia. Mimi nikamwambia hakimiliki ni yangu. Nani yuko sahihi?

Kivuli_Kirefu

Dada Lulu, mnaweza kuwa sahihi wote wawili na bado ukawa umekosea kuziposti.

Hakimiliki: sehemu nyingi, mpiga picha wa kujitegemea anabaki na haki yake isipokuwa ameandika kwamba anaihamisha. Kama umeajiriwa, kwa kawaida ni ya mwajiri. Lakini sheria hutofautiana na hubadilika. Uingereza kwa mfano, chini ya sheria yao ya 1956, aliyeagiza na kulipia picha ndiye aliyekuwa mwenye hakimiliki. Sheria ya 1988, iliyoanza kufanya kazi Agosti 1989, ikaigeuza, ikampa mpiga picha. Ila wakamwachia mteja kitu: aliyeagiza picha kwa mambo yake binafsi ya nyumbani ana haki zisionyeshwe hadharani bila idhini yake. Kwa hiyo kule hakimiliki yako inamzuia mteja kuziuza kwa jarida, na haki yake inakuzuia wewe kuziposti.

Na hata pasipo sheria ya namna hiyo, aliyemo kwenye picha ana haki zake ambazo hazihusiani kabisa na hakimiliki. Mwaka 2007 Virgin Mobile ya Australia ilichukua kwenye Flickr, tovuti ya kuwekea picha, picha ya msichana mdogo, picha yenye leseni ya Creative Commons inayoruhusu hata biashara, ikaiweka kwenye mabango ya matangazo. Kwa upande wa mpigaji ruhusa ilikuwepo. Msichana hakuulizwa na mtu, familia yake ikafungua kesi Marekani. Kesi ile haikufika mbali kwa sababu ya mamlaka ya mahakama, lakini somo lipo: mpigaji anatoa ruhusa ya picha, hawezi kutoa ruhusa ya uso wa mtu.

Fremu_Tupu (mleta uzi)

Dada Lulu, cha kufanya kuanzia kazi ijayo: andikeni. Karatasi moja inatosha, hata ujumbe wa simu aliojibu "nakubali" ni bora kuliko kumbukumbu. Iseme hakimiliki inabaki kwa nani; mteja anaruhusiwa nini (kuchapa, kuposti, kugawia ndugu); haruhusiwi nini (kuuza, kumpa mwenye ukumbi atangazie, kuweka vichujio vinavyobadilisha rangi halafu aandike jina lako); na wewe unaruhusiwa kuonyesha ngapi kwenye ukurasa wako. Hilo la vichujio wengi hulisahau, halafu unaona kazi yako imegeuzwa ya kijani na jina lako liko chini yake.

Kwa huyu wa sasa, zishushe, mwombe kistaarabu akuchagulie mbili ambazo hajali zikionekana. Watu wengi hukubali wakiombwa.

Jicho_Kali

Haya, nimekubali nembo niipunguze. Lakini hamjagusa jini lenyewe. Hizi programu za akili mnemba zimemeza picha zetu zote. Hapo kiraka cha shati kitanisaidia nini?

Chumba_cha_Giza

Kweli hapo kiraka hakisaidii. Hifadhidata ya LAION-5B ya kufundishia akili mnemba, iliyotolewa 2022 na shirika la LAION, ina jozi za viungo vya picha na maelezo zipatazo bilioni 5.85, zimezolewa mtandaoni bila kubisha hodi. Mpiga picha wa Kijerumani, Robert Kneschke, aliwashtaki LAION akidai picha yake imo. Mahakama ya Hamburg mwezi Septemba 2024 ikamkatalia, kwa msingi kwamba kunakili kule kulikuwa kwa ajili ya utafiti wa kisayansi, na sheria inaruhusu.

Ila upande wa biashara mlango haujafungwa. Agizo la Umoja wa Ulaya la 2019 linamruhusu mwenye kazi kuzuia uchimbaji wa namna hiyo, mradi zuio lake liwe la namna ambayo mashine inaweza kulisoma. Hivyo kama una tovuti yako, weka katazo kwenye masharti na kwenye faili linaloelekeza roboti za utafutaji. Si ukuta, wakaidi wataruka. Lakini siku ya kudai, utakuwa ulikataza kwa maandishi.

Chuo Kikuu cha Chicago walitoa programu ya Glaze mwaka 2023, inabadilisha pikseli kidogo ili mashine ishindwe kuiga mtindo wako. Ilitengenezwa wakiwafikiria wachoraji zaidi. Kwa picha za kamera, binafsi sijaona sababu ya kuitegemea.

Kinachonipa moyo ni kinyume chake: kamera zinazotia saini ya kidijitali picha pale pale inapopigwa, kwa C2PA, kiwango cha pamoja cha kuthibitisha picha imetoka wapi. Leica M11-P ya 2023 ndiyo iliyotangulia. Zikizagaa, suala la nani alipiga litakuwa jepesi.

Bin_Kamera

Sasa wakuu tufike kwenye vitendo. Nimeikuta picha yangu leo kwenye ukurasa wa kampuni fulani. Damu inachemka. Nianze na kuwaanika mtandaoni au?

Fremu_Tupu (mleta uzi)

@Bin_Kamera usiwaanike, usikomenti, usibonyeze hata alama ya kupenda. Ukipiga kelele wataishusha ndani ya dakika tano na wewe utabaki na hasira.

Kwanza ushahidi. Fungua ukurasa kwenye kompyuta, piga picha ya skrini nzima inayoonyesha anwani ya ukurasa juu na saa na tarehe chini. Kama ni chapisho, fungua chapisho lenyewe ili anwani yake ionekane. Kisha ihifadhi anwani hiyo kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, inayotunza nakala za kurasa za mtandao. Nakala ya mtu wa tatu ina uzito kuliko yako. Halafu itafute picha yako kwa TinEye na Google Lens ujue imesambaa wapi kwingine. Mara nyingi utakuta uliyemkamata naye kaitoa kwa mwizi mwingine, na huyo wa kwanza ndiye anayeiuza.

Pili jipime. Kweli hukuwahi kumpa ruhusa mtu yeyote? Mteja wako hakuwapa wao? Haiko kwenye wakala wa picha uliyejiunga naye ukamsahau? Haya mambo hutokea, na barua ya vitisho ikienda kwa mtu mwenye leseni halali inarudi na aibu.

Tatu, wape barua. Fupi, haina matusi: picha ni hii, mpigaji ni mimi, niliichapisha mara ya kwanza hapa tarehe hii, nyinyi mmeitumia hapa tangu tarehe hii, sijatoa ruhusa. Nataka mambo mawili, ishushwe na malipo ya matumizi yaliyopita, kiasi fulani, kabla ya tarehe fulani. Ambatisha ankara. Ukisema tu "mmeniibia", wataomba radhi na kuishusha. Ankara inafika mezani kwa mhasibu, na mhasibu huuliza maswali.

Wakinyamaza, nenda kwa mtandao wenyewe. Facebook, Instagram, X, YouTube na Google wote wana fomu ya madai ya hakimiliki, imejengwa juu ya DMCA. Watataka jina na mawasiliano yako, kazi ni ipi, iko kwenye anwani gani hasa (usiweke anwani ya ukurasa wa mbele), tamko kwamba unaamini kwa dhati haijaruhusiwa, tamko kwamba unayosema ni kweli, na saini. Usidanganye humo, dai la uongo nalo lina adhabu. Mwenzako anaweza kupinga, na akipinga rasmi, picha inaweza kurudishwa kati ya siku 10 na 14 za kazi kama hujafungua kesi. Jiandae kwa hilo.

Na kwa picha zako ambazo unajua zitatafutwa, fikiria kuzisajili Marekani kabla hazijaibiwa, maana usajili wa huko uko mtandaoni na kampuni nyingi za mitandao ziko chini ya sheria yake. Haki unayo hata bila usajili. Ila ukisajili mapema, kabla ya wizi au ndani ya miezi mitatu tangu kuchapisha, mahakama inaweza kukupa fidia ya kisheria ya kati ya dola 750 na 30,000 kwa kila kazi, mpaka 150,000 kama walifanya makusudi, bila wewe kuthibitisha umepoteza kiasi gani. Ukichelewa, utabaki kuhesabu hasara halisi, na hasara halisi ya picha moja mara nyingi haitoshi hata kumlipa wakili.

Bin_Kamera

Nimekuelewa mkuu. Shida moja, nikienda kwenye ukurasa wao sasa hivi naona hawajaweka kwenye chapisho, ni kwenye ile picha ya juu ya ukurasa, haina anwani yake. Na kwenye metadata ya faili langu, kama mnavyojua, kuna jina la yule aliyeniuzia kamera 😂

Chumba_cha_Giza

Bofya hiyo picha ya juu, ikifunguka peke yake anwani itabadilika, hiyo ndiyo ya kunakili. Ikikataa, bofya kulia uchague kuifungua kwenye kichupo kipya, utapata anwani ya faili lenyewe. Piga picha ya skrini ya zote mbili.

Hilo la jina lisikutishe. Tafuta risiti au ujumbe mliotumiana mlipouziana kamera, wenye tarehe. Namba ya kamera huwa imo ndani ya EXIF, inapaswa kulingana na iliyoandikwa chini ya kamera yako. Usibadilishe jina kwenye faili hili la mgogoro hata kidogo, liache lilivyo, fanya kazi kwenye nakala.

Fremu_Tupu (mleta uzi)

Na yule aliyekuuzia mpigie leo, akuandikie mistari miwili kwamba kamera alishaiuza tarehe fulani. Mpigie kabla hujaituma barua, isije ikawa kampuni imempata yeye kwanza kwa kusoma jina lile.

Kiungo cha ukurasa wao nitumie PM, usikiweke hapa.